Ushuru wa Shikamoo

Kabla hatujahamia barabarani, adui wa watoto wetu njiani alikuwa nyoka, na nyoka ukipiga miguu chini anakimbia. Lori la tumbaku hata upige ngoma.

Tulihamia barabarani kwa sababu tuliambiwa tuhamie. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na mimi, sisemi uongo, nilihama kwa furaha kuliko wote. Kule porini nilikuwa fundi baiskeli mahali penye baiskeli tatu, moja ikiwa yangu, na hiyo yangu ndiyo ilikuwa mbovu siku zote. Barabara ya Sikonge ilikuwa na baiskeli kama siafu. Watu wa asali, watu wa tumbaku, watu wanaompeleka mgonjwa mjini Tabora kwenye keria, wamemfunga kwa mpira asidondoke. Nikajenga banda langu la nyasi hatua kumi kutoka barabarani, nikaning'iniza tairi bovu mtini iwe alama, nikakaa kungoja pancha za wenzangu. Ni kazi mbaya kidogo kwa roho, maana mtu akipita salama unasikitika.

Mabwana wa wilaya walikuja na kamba na vigingi, wakapanga nyumba mstari kama askari, huku na huku ya barabara. Shule wakaiweka ng'ambo ya barabara, mwisho kabisa wa kijiji, baada ya kona yenye kidaraja cha simenti. Sisi wa mwanzo wa kijiji, tena wa upande wa huku, watoto wetu ikabidi watembee nusu saa nzima barabarani, kisha wavuke palepale kwenye kona. Pembeni hapakupitika, ni mtaro na majani marefu. Waliopanga walipanga vizuri tu. Kwenye karatasi yao hapakuwa na malori.

Sasa, mtu asiniulize habari za shule kama mtu aliyeimaliza. Mimi niliishia darasa la tano. Wengine waliacha kwa karo, wengine kwa ugonjwa. Mimi mwalimu alinituma nje nikaijaze upepo baiskeli yake, nikaipenda kazi ile, nikasahau kurudi ndani. Mpaka leo sijarudi. Baba alinichapa siku mbili, siku ya tatu akaniletea baiskeli yake nayo niitazame breki.

Mke wangu hakukaa darasani hata siku moja utotoni, lakini kilipoanza kisomo cha watu wazima alikwenda, na baada ya miezi michache akawa ananisomea mimi barua za ndugu zangu. Nilikuwa nasema macho yangu yanauma.

Kwa hiyo binti yetu wa kwanza alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, nyumbani palikuwa kama harusini. Nilimfunikia daftari lake kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Mama yake akamshonea mkoba kwa kipande cha kitenge. Mtoto akalala na ule mkoba shingoni. Mimi nilijiambia: huyu atavuka darasa la tano hata kwa kubebwa. Sikutaka kingine. Sikusema awe daktari wala nani. Avuke tu pale nilipokwama baba yake.

Wiki ya tatu tu, yakatokea.

Malori ya tumbaku msimu ule yalikuwa yanakimbilia godauni mjini kabla halijafungwa. Yalitembea mawili mawili, moja mbele, jingine nyuma yake ndani ya vumbi. Ukisikia la kwanza unaruka pembeni. Linapita, linakuachia vumbi kama pazia. Wewe mtoto unadhani limekwisha, unarudi barabarani. Na ndani ya pazia ndimo linamotoka la pili.

Binti yangu alirudi barabarani. Msichana mmoja wa darasa la saba, Mungu ambariki, alimvuta kwa mkoba. Ukanda ukakatika, mtoto akaangukia mtaroni, daftari likabaki barabarani.

Alifika nyumbani amejaa vumbi mpaka kope, hakulia. Alilia alipoliona lile daftari, lililookotwa na yule msichana, mkononi mwa mama yake. Mama yake akaja nalo bandani kwangu, akaliweka juu ya sanduku la spana, akalifungua.

"Soma," akaniambia.

"Mama watoto, macho yangu..."

"Hii utaisoma."

Nikaisoma. Mimi ni mtu wa matairi. Toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho palikuwa na alama ya tairi la nyuma, la ndani, limeisha kashata, yaani meno yake, upande mmoja. Lilikuwa limepita katikati ya herufi *a* tano ambazo mtoto aliziandika asubuhi ile.

"Haendi tena," mke wangu akasema. "Mpaka barabara ihame."

"Barabara haihami. Tulihama sisi."

"Basi na asome hapa nyumbani. Nitamfundisha mimi."

"Wataniita ofisi ya kata. Kumficha mtoto shule ni kosa siku hizi."

"Waniite mimi. Wakinifunga nitashukuru. Jela hakuna malori."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikajua jambo hili ni zito, kwa sababu mke wangu kwa kawaida hucheka hata ninapokuwa sijasema kitu, ananitazama tu.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, maana hatukuwa sisi peke yetu. Nyumba nane upande wetu zilikuwa zimezuia watoto. Watu wakasema mengi. Mmoja akasema waje askari, mwingine akasema tuandike barua. Mimi nikanong'ona kwa jirani yangu kwamba tuwafunge watoto kengele za baiskeli shingoni. Nilidhani nimenong'ona.

"Ndugu fundi," mwenyekiti akasema, "naona wewe una mawazo. Utakuwa mkuu wa kamati ya watoto na barabara."

"Ndugu mwenyekiti, mimi natania tu."

"Tania ukiwa mkuu wa kamati. Nakupa wiki mbili. Baada ya hapo nyumba nane zote nazipeleka kwa katibu kata, na ya kwako ya kwanza."

Hivi ndivyo nilivyopata cheo katika nchi hii.

Kazi ya kwanza ya kamati ilikuwa kibao. Tulichukua ubao wa mlango, nikaandika kwa rangi nyeusi niliyokuwa nayo ya kupakia fremu: PUNGUZA MWENDO, WATOTO WANAPITA, WANGEKUWA WAKO JE, TUNAKUOMBA NDUGU DEREVA. Nilifurahi sana maneno yangu yalivyokuwa na adabu. Kasoro ni kwamba ili mtu ayasome yote ilibidi asimamishe gari. Hakuna aliyesimamisha. Siku ya nne mbuzi walijikunia pale mpaka kikaanguka.

Kazi ya pili ilikuwa tuta. Tulichimba udongo wa kichuguu, ule ukikauka ni simenti, tukajenga tuta la kukata barabara mbele ya kidaraja. Tukalimaliza Jumamosi jioni tumelowa jasho, tukaliangalia kama ng'ombe wa mahari. Jumapili asubuhi gari la kwanza kupita halikuwa lori. Ilikuwa Landrova ya bwana mkubwa mmoja wa wilaya, anakwenda Sikonge kwenye mkutano. Tulisikia kichwa chake kikigonga bati. Akashuka ameshika kofia yake imebonyea.

"Nani kajenga kitu hiki?"

Watu wote wa kamati wakanitazama. Watu sita, na kila mmoja alijua kunitazama vizuri.

"Ni kwa ajili ya watoto, mheshimiwa. Ndugu, samahani. Ndugu mheshimiwa."

"Hii ni barabara ya serikali."

"Ndiyo, ndugu."

"Mnalibomoa saa ngapi?"

Tulilibomoa saa ileile, naye amesimama pale akijipapasa utosi. Kulijenga siku mbili, kulibomoa nusu saa. Mke wangu aliniletea maji ya kunywa pale barabarani. Alinywesha kamati nzima, akarudi nyumbani. Binti yetu alikuwa mlangoni na daftari lake lenye alama ya tairi, anaziandika *a* upya pembeni ya ile alama.

Zikabaki siku tano.

Ndipo nikapata wazo langu kubwa, lile ambalo mpaka leo nikipita mtu huniuliza shingo inaendeleaje.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa Unyamwezi mpaka Pwani, na alipokuwa mzee alikuwa na shimo begani ambamo sisi wajukuu tuliweka karanga. Safari nzima, alisema, hakuna walipoteseka kama Ugogo. Nchi kavu, maji machache, na Mgogo amekaa kwenye kisima anasema lipa ushuru ndio unywe, lipa ushuru ndio upite. Wakalipa nguo, wakalipa shanga, wakalipa majembe. Ndiyo maana mpaka leo Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Nikikutana naye namwita ombaomba, ananiita punda wa mizigo, namnyang'anya kofia, ananinyang'anya sigara, na hakuna kukasirika. Kukasirikia utani ni aibu kuliko kuiba.

Basi nikawaza: malori haya yametoka wapi? Mengi yalikuja msimu wa tumbaku tu, na madereva wake wengine watu wa Dodoma, huko huko Ugogo. Yanapita kwetu na mizigo. Sasa kisimani tumekaa sisi! Nitamkamata dereva mmoja Mgogo, nimdai ushuru wa babu yangu, na ushuru wenyewe uwe kwenda polepole mbele ya watoto. Mtani hawezi kukataa. Naye atawaambia wenzake.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anapepeta mchele.

"Na kama si Mgogo?"

"Nitamjua."

"Utamjuaje?"

"Masikio. Wagogo wa zamani wametogwa masikio, tundu linapita kidole."

Akapuliza pumba. "Wewe na mitihani," akasema.

Siku ya pili yake, mchana, Mungu akaniletea. Lori lenye kichwa cha buluu, limebeba marobota mpaka juu, likaja linafuka moshi mweupe, likasimama palepale mbele ya banda langu. Rejeta imechemka. Tazama bahati: wanataka maji!

Akashuka dereva. Mtu mrefu, kifua kama mlango wa ghala, kofia nzuri ya ngozi. Na masikio, jamani. Masikio yana matundu ungeweza kupitisha spoki na nyingine juu yake.

"Habari za hapa, fundi," akasema. "Tusaidie maji ndoo moja."

Nikainuka polepole. Nikajifuta mikono. Majirani walikuwa wanatazama, kamati nzima ikiwa ndani yao, nikaona ni vizuri, watashuhudia.

"Maji?" nikasema kwa sauti. "Wewe unaniomba mimi maji? Babu yangu alikufa na kiu mlangoni kwenu mmekalia kisima kama vyura! Leo imekukuta! Hunywi, rejeta hainywi, na kofia hii ni yangu!"

Nikaichukua kofia kichwani kwake, nikaivaa.

Mtani hapo alitakiwa kucheka na kuniita punda. Huyu hakucheka. Alinitazama kama mtu anayetafuta neno katika lugha ngeni.

Ungenishauri ninyamaze. Mimi nikaongeza. Nikamwambia ananuka, nikamwambia mama yake alimzaa akiwa njiani kuomba, nikamwambia apige magoti hapo alipe ushuru.

Neno la mama lilikuwa halijaisha kutoka mdomoni nikajikuta niko hewani. Alinishika kwa ukosi wa shati, mkono mmoja tu, mwingine ukiwa unajipanga. Miguu yangu ilikuwa inatafuta ardhi.

"Mimi ni Mwarusha," akasema taratibu. "Kwetu mtu akimtaja mama yangu hivyo namzika."

Nilikuwa nimesahau kwamba Waarusha nao hutoga masikio. Majirani wakapata kazi za haraka majumbani mwao. Kamati nayo ikafungwa.

Kutoka ndani ya lori kikasikika kicheko. Utingo wake, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, alikuwa amelala juu ya kiti, anapiga dashibodi kwa ngumi, machozi yanamtoka.

"Mgogo ni mimi!" alikuwa anasema. "Mgogo ni mimi, wewe punda! Umemnyang'anya kofia mtu asiyekuwamo! Lo, Wanyamwezi! Ndio maana mlikuwa mnapotea njia mpaka mkafika kwetu!"

Nikamtazama masikio. Hayakuwa na hata alama.

"Mshushe, mwenzangu," utingo akamwambia dereva. "Huyo ni punda wangu, tumerithi. Ukimvunja nitambebesha nani mizigo?"

"Amemtaja mama yangu," dereva akasema. Hakunishusha. Kwake hapakuwa na utani wowote hapo, palikuwa na mtu aliyemtukana mama yake kwa sababu ya ndoo ya maji. Na haki alikuwa nayo, ukiniuliza. Nilikuwa nataka kumwambia hivyo lakini koo lilikuwa limebanwa.

Nilipofurukuta kofia ilinidondoka. Iliangukia vumbini. Na kabla mtu hajainama, binti yangu akatoka nyuma ya nyumba. Aliokota ile kofia, akaipiga piga na gauni lake kutoa vumbi, akaenda mpaka mbele ya yule dereva. Alikuwa anafika kiunoni kwake kwa shida. Akainyanyua kofia kwa mikono miwili, akakunja magoti kidogo kama mama yake alivyomfundisha, akasema:

"Shikamoo, mjomba."

Sasa niambie wewe. Umemshika baba yake mtu shingoni, ngumi iko juu, na mtoto mdogo amekupa shikamoo. Unafanyaje? Marahaba huwezi kuisema na ngumi juu. Haitoki. Nilikuwa karibu naye sana wakati ule, uso kwa uso, nikaiona ikimkwama. Akanitazama, akamtazama mtoto. Mtoto bado amekunja magoti, anangoja. Shikamoo ikishatolewa inangoja.

Nikahisi ardhi chini ya vidole vyangu. Kisha chini ya nyayo.

"Marahaba," akasema. Akapokea kofia. "Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Baba anapenda utani."

"Nimeona."

"Hukumbuki daftari langu?" mtoto akamuuliza.

"Daftari gani?"

Mke wangu alikuwa ameshafika. Hakuja na kelele. Alikuja na ndoo ya maji mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Akampa utingo ndoo, akamwamkia dereva kwa heshima zote, kisha akamfungulia lile daftari. Hakusema ni lori lake, kwa sababu hakujua. Hata mimi sikujua. Alisema hivi tu: "Kaka yangu, mtoto huyu alikuwa hatua moja na hapa. Nimemweka nyumbani. Anataka kusoma, na mimi naogopa. Hivyo ndivyo ilivyo."

Dereva akaligeuza geuza. Akaenda nyuma ya lori, akainama. Mimi nikamfuata kwa mbali, kitaalamu. Tairi lake la ndani lilikuwa na kashata nzima. Alama ile haikuwa yake. Akashusha pumzi, lakini hakurudi na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Langu siyo," akasema. "Lakini ningekuwa mimi, nisingeona. Vumbi lile unafuata taa za mwenzio tu."

Wakati huo shule ilikuwa imetoka. Watoto wakaja barabarani kundi kubwa, wengine wawili wawili juu ya baiskeli za baba zao, miguu imepita chini ya paipu kwa sababu juu hawafiki. Walipoliona lori limesimama wakaja kushangaa. Na mtoto wa kwetu, wewe unamjua, akimkuta mtu mzima hapiti bila kuamkia. Wa baiskeli wakashuka kwanza, maana kumwamkia mkubwa ukiwa umekaa juu ya baiskeli ni utovu wa adabu. Wakajipanga wenyewe.

"Shikamoo!"

"Marahaba."

"Shikamoo!"

"Marahaba."

Walipita mmoja mmoja. Walikuwa wengi kweli, na hakuna aliyekubali ya mwenzake imtoshe. Rejeta ikapoa, maji yakajazwa, bado dereva amesimama anaitikia, sauti imeanza kukauka. Utingo alikuwa amekaa kwenye ngazi ya lori anajishika mbavu.

"Huo ndio ushuru!" akaniambia. "Huo huo, mtani. Babu yako alilipa nguo, sisi tunalipa marahaba. Umefurahi?"

Nilitaka kujibu kwa utani, nikakuta shingo hainiruhusu. Nikaitikia kwa kichwa, kwa uangalifu.

Lakini yule mzee wa mvi alikuwa na akili kuliko kamati yangu yote. Aliwaita watoto, akawaambia: "Sikilizeni. Kuanzia kesho tutapita hapa, na ninyi mtatuamkia, na sisi tutaitikia kwa honi mara mbili. Lakini mtu haamkii mkubwa akiwa amesimama katikati ya njia yake. Mkisikia injini, mnatoka barabarani. Mwenye baiskeli anashuka. Mnapanda pale juu ya ukingo, mstari mmoja, mkono juu. Na malori yanakuja mawili. Ukiamkia kaka ukamwacha mdogo wake, umekosa adabu. Msishuke mpaka vumbi litulie mkione kile kichuguu ng'ambo. Tumeelewana?"

"Ndiyoo!"

"Na wewe," akamwambia dereva, "ukiwa na mwendo ule huwezi kuitikia. Utapita umeamkiwa na kijiji kizima na hujajibu. Utalala usingizi?"

Dereva akavaa kofia. "Washa gari," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe. Mama yangu ni mtu mwema sana."

"Nina hakika, kaka," nikasema. "Shikamoo yake."

Kesho yake mke wangu hakumpeleka mtoto. Alikwenda yeye mwenyewe kwenye kidaraja tangu asubuhi, amejifunga kitenge, akasimama. Kabla ya kuondoka alikata majani ya ukingoni kwa panga, kipande cha kutosha watoto kusimama. Kamati ikaona aibu, tukaja na majembe, tukausawazisha ukingo na kufukia mtaro mahali pa kupanda. Siku mbili baadaye njia ya miguu ilikuwa imefika karibu na banda langu. Hakuna aliyetuagiza. Ukweli ni kwamba hakuna mwanamume aliyetaka kupita pale na baiskeli akamkuta mke wangu analima peke yake.

Lori la buluu likapita. Watoto mstarini, mikono juu, "Shikamooo!" Likapunguza mpaka likawa linatembea kama mtu mwenye kidonda mguuni. Pii, pii. Na lililokuwa nyuma yake, dereva wake hakujua habari, lakini la mbele likiwa linatambaa angekwenda wapi? Likatambaa nalo. Mke wangu alisimama siku tatu. Siku ya nne akaushona ule ukanda wa mkoba.

Nilikuwa nimenunua daftari jipya duka la ushirika. Akalikataa. "Lile lina kurasa nyingi bado," akasema. Binti yangu akalimaliza lile lile, anaandika kuizunguka alama ya tairi.

Siwezi kusema malori yote yalitii. Palikuwa na moja lenye turubai la kijani halikuitikia msimu mzima, watoto wakaliita Bubu, na walipolisikia walipanda juu ya ukingo haraka mara mbili ya kawaida. Lakini yule mtani wangu alikuwa na mdomo. Kule godauni, wakipakua, alikuwa anawasimulia wenzake, anamaliza kwa kuuliza: nani kati yenu anapita anaamkiwa na watoto hajibu, tumjue? Nani anataka kujulikana kwa hilo? Mpaka Landrova ya yule bwana mkubwa ilikuja kupunguza mwendo pale. Alitoa mkono dirishani akapunga. Mkono mwingine ulikuwa umeshika utosi, au labda mimi ndiye niliyependa kuona hivyo.

Mwenyekiti alinipongeza mkutanoni kwa kazi ya kamati. Nikasimama kushukuru. Mke wangu akanitazama tu kutoka upande wa akina mama, nikacheka mwenyewe, nikakaa.

Miaka ikapita kama inavyopita. Darasa la pili, la tatu. Alipofika la tano nilikuwa silali vizuri, nadhani mwalimu atamtuma nje kujaza upepo. Nilijaza baiskeli ya mwalimu mimi mwenyewe kila Ijumaa, bure, asije akapata sababu.

Siku ya kwanza ya darasa la sita nilimpa baiskeli. Nilikuwa nimeiunganisha kwa vipande vya baiskeli saba marehemu, hakuna mbili zilizofanana rangi, lakini breki zilikuwa mpya, mbele na nyuma, na kengele inasikika Sikonge. Akapitisha mguu chini ya paipu, maana juu bado hafiki. Nikatoka bandani, nikasimama mbele yake, nikavua kofia, nikakunja magoti.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Baba!"

"Umenipita darasa. Shikamoo."

Alitazama nyumbani, mama yake alikuwa mlangoni anajizuia kucheka. Akashuka kwenye baiskeli kwanza, kama alivyofundishwa, akasimama wima.

"Marahaba," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Akapanda akaenda zake. Kwa mbali nikasikia injini inakuja kutoka Sikonge, nikamwona anashuka, anaisukuma baiskeli mpaka juu ya ukingo, mkono juu. Nikangoja palepale na kofia yangu mkononi mpaka nikaisikia honi. Mara mbili. Kisha ya lori la pili.